Kuchagua pikipiki ya matairi manne kwa shamba la Dodoma: anza na mzigo, cc baadaye

Mbukwenyi wadau. Kila zabibu zikikaribia kuiva lazima nipigiwe simu, mara shemeji, mara jamaa wa ofisini, swali ni lilelile: "nimeona pikipiki ya matairi manne inauzwa, cc 150, itafaa shamba? na wikendi watoto wapande kidogo." Nikimuuliza shamba lina udongo gani na mzigo wako mzito kuliko yote una kilo ngapi, kimya. Sasa nimeamua niandike hatua kwa hatua nimalize, atakayenipigia tena namrushia hii.

Mwenyewe nina eka tatu za zabibu upande wa Hombolo na kipande cha mtama na alizeti pembeni, nakaa mjini, shamba naenda Ijumaa jioni narudi Jumapili. Nimeshamiliki kwadi mbili (nitaiita hivyo, pikipiki ya matairi manne ni ndefu). Ya kwanza nilichagua kwa macho, ilikuwa nyekundu, inalia vizuri, nikaiuza kwa hasara. Ya pili ninayo mpaka leo.

Hatua ya 1: Andika kazi zako, kisha zipime kwa kilo

Chukua daftari, wiki mbili tu, kila safari ya shamba andika umebeba nini na umepita wapi. Usiandike "mizigo midogo midogo", andika kilo. Hesabu ya maji ni rahisi, lita moja kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 20 na ukifunga madumu manne nyuma umeshabeba mtu mzima. Tangi la kupulizia dawa la lita 100 likijaa ni kilo 100 hujaweka pampu wala tangi lenyewe. Gunia la mahindi lile la debe sita ni kilo 100 na ushee. Waya wa zabibu, nguzo, mbolea, kreti, vyote vina uzito wake.

Alafu linganisha na keria. Hapa ndo watu wanashangaa. Kwadi ndogo nyingi keria ya nyuma inaruhusiwa kilo 30 mpaka 60, ya mbele nusu ya hapo, na kuna namba nyingine ya jumla ambayo ndani yake upo wewe dereva na nguo zako na jembe lako. Namba hizo zinakuwa kwenye kibandiko juu ya madigadi au kwenye kitabu chake. Kama kibandiko kimebanduliwa na muuzaji anakwambia "hii inabeba chochote bro", basi jua hata yeye hajui.

Mzigo unaozidi keria unakwenda kwenye tela. Kwadi ya cc 200 hadi 300 inavuta tela dogo bila shida kwenye ardhi tambarare, na mzigo ukiwa kwenye tela hauko juu juu, haukupindui. Ukipanga tela weka uzito uelekee mbele ya ekseli kidogo, ukiuweka nyuma mkono wa tela unanyanyuka na tairi za nyuma za kwadi zinakosa kushika chini.

Hatua ya 2: Jiulize kama ni kwadi kweli unayohitaji

Hii hatua wauzaji hawaipendi. Kama kazi yako kubwa ni kutoa kreti za zabibu shambani kupeleka kwa mnunuzi au kutoa mahindi kupeleka soko la Kibaigwa, nunua toyo, ile ya miguu mitatu. Inabeba mzigo mkubwa kuliko kwadi, spea kila kona, kila kijana anajua kuiendesha, na barabarani inatembea kihalali ukiisajili. Kwadi imetengenezwa kwa ardhi isiyo na barabara, tairi zake laini na pana hazipendi lami, na ekseli yake ya nyuma kwa nyingi haina difu, yaani tairi mbili za nyuma zinazunguka sawasawa hata ukikata kona, kwa hiyo kwenye lami inakuwa kama inagoma kugeuka.

Kama shamba ni eka moja na liko barabarani, pikipiki ya kawaida na solo (pampu ya kupulizia dawa) mgongoni vinatosha. Kama unataka kulima, hakuna kwadi ndogo itakayokulimia udongo wetu ukishakauka, nenda kwenye pawatila.

Kwadi inalipa pale ambapo toyo inazama na pikipiki inaanguka: kuvuka korongo lenye mchanga, kupita katikati ya mistari ya zabibu, kukagua uzio, kufuata ng'ombe waliotawanyika, kupiga dawa eka kadhaa asubuhi moja kabla upepo haujaanza, kupeleka maji kwa miche kiangazi. Hizo ndo kazi zake. Kama kwenye daftari lako zipo tatu au zaidi endelea kusoma.

Ohoo, kabla sijasahau, kuna vile vya zamani vya matairi matatu yaliyovimba, vya kukaa kama pikipiki. Honda walianza kuviuza mwaka 1970, na Marekani watengenezaji walikubali kuacha kuviuza mwaka 1988 kwa sababu vilikuwa vinapindua watu sana. Ukikuta kimoja kwenye gereji ya mzee fulani kipige picha uondoke.

Hatua ya 3: Ukubwa wa injini

Tuelewane hapa kwa haraka. Chini ya cc 110 ni za watoto, usifunge hata dumu. Cc 110 hadi 125 ni za kuchezea watu wazima wepesi, ukizifungia mzigo klachi inaanza kunuka. Cc 150 hadi 200 inafanya kazi nyepesi, keria moja na tela tupu. Cc 250 hadi 300 hapo ndo shamba dogo la familia linapokaa vizuri. Cc 400 kwenda juu, zile za shamba, ni mashine ya kazi kweli, nyingi ni fowili (tairi zote nne zinavuta), nzito, kilo 250 na zaidi, ikizama kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa tope, peke yako huitoi.

Lakini cc peke yake inadanganya. Niliwahi kukaa kwenye cc 250 ya mashindano, haina keria, gia zake ndefu, ukienda mwendo wa kutembea inazima au unabana klachi muda wote. Na kuna Honda TRX250, injini yake hasa ni cc 229 tu, imepozwa kwa hewa, ina kabureta, gia tano na rivasi, nyuma inasukumwa na shafti, uzito wake karibu kilo 200. Kwenye karatasi ni ndogo kuliko ile ya mashindano, ila shambani ni trekta. Tofauti ni gia ya kwanza. Ya shamba gia ya kwanza inatembea taratibu kama mtu anayetembea kwa miguu huku injini inavuta.

Upana nao. Kwadi ndogo ya kazi ina upana wa mita moja na kidogo. Nenda na futi kamba ukapime mistari yako ya zabibu, siyo katikati ya nguzo na nguzo, pima pale matawi yanapoishia mwezi wa pili majani yakiwa yamejaa. Bakiza nafasi ya kiwiko kila upande. Jirani yangu alisahau hilo, sasa anapiga dawa mistari ya pembeni tu, ya katikati bado solo.

Hatua ya 4: Nguvu inafikaje kwenye tairi

Hii ndo hatua ya kukaa nayo. Kuna vitu viwili unachagua, gia na njia ya kufikisha nguvu nyuma.

Upande wa gia, kuna otomatiki ya mkanda kama skuta, na kuna za gia za mguu kama pikipiki, nyingine hazina klachi ya mkono. Ya mkanda ni tamu, mama watoto anapanda anaenda, hakuna kufikiri. Shida yake ni kwamba mkanda unaishi kwa kushikilia pande mbili za puli, vumbi likiingia au maji yakiingia unateleza, ukiteleza unapata joto, ukipata joto unaungua. Na mzigo mzito kwa mwendo mdogo ndo kitu mkanda haupendi kabisa, na mzigo mzito kwa mwendo mdogo ndo shamba lenyewe hilo. Kama unachukua ya mkanda hakikisha ina gia ya lo (ya mwendo mdogo na nguvu nyingi) pembeni, uitumie kila ukibeba, na nunua mkanda wa pili siku hiyohiyo uuweke ndani. Ya kwanza yangu ilikuwa ya mkanda bila lo. Mkanda ulikatika siku ya Jumapili saa kumi jioni, ndani kabisa shambani, nikaisukuma mpaka njia kuu na vijana wawili niliowalipa.

Ya gia za mguu inahitaji siku mbili za kujifunza, baada ya hapo haikusumbui.

Upande wa nyuma kuna cheni na kuna shafti. Cheni ni rahisi, nyepesi, sproketi unapata. Ila angalia inavyokaa: kwenye kwadi cheni iko chini karibu na ardhi, katikati ya tairi mbili zinazorusha mchanga. Mchanga wetu ukiuchanganya na grisi unapata msasa. Nilikuwa naikaza kila safari mbili na bado meno ya sproketi yakawa yamechongoka kama ya samaki ndani ya msimu mmoja. Shafti imefungwa ndani ya nyumba yake na oili, hakuna kinachoingia. Ni nzito kidogo, bei iko juu, lakini kwa Dodoma nasema shafti. Kama bajeti imekubana na lazima iwe cheni, basi isafishe kwa brashi na usiipake grisi nzito, paka oili nyepesi uifute.

Fowili je? Inategemea udongo wako. Kama uko kwenye udongo wa kichanga au mwekundu, tairi mbili za nyuma zenye meno zinatosha karibu mwaka mzima. Kama uko Bahi kwenye majaruba au shamba lako ni mbuga nyeusi ile inayoganda kwenye tairi mpaka inakuwa kama kiatu, na unataka kufanya kazi kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ikiwepo, chukua fowili. Ujue tu kwamba inakuja na difu ya mbele na jointi zenye raba za kufunika, na raba hizo miiba ya migunga inazitoboa, grisi inatoka, mchanga unaingia, jointi inakufa. Kila wiki unachungulia chini.

Rivasi lazima. Usije ukanunua isiyo na rivasi, kugeuza kilo 200 katikati ya mstari wa zabibu kwa kunyanyua makalio ya mashine, mgongo wako utanikumbuka.

Hatua ya 5: Joto, vumbi na petroli ya chupa

Injini inayopozwa kwa hewa inahitaji hewa ipite. Ukipiga dawa unatembea polepole, jua la saa saba linachoma, hewa haipiti. Zipo zenye feni au kipoza oili, hizo afadhali, na zenye radieta ni bora zaidi ila radieta nazo zinaziba kwa mbegu za majani, unaipuliza kutoka nyuma kwenda mbele. Mi ya kwangu ni ya hewa, nimejipangia: napiga dawa saa 12 hadi saa 3 asubuhi, basi. Na hata dawa yenyewe salfa ukiipiga jua kali inaunguza majani, kwa hiyo sipotezi kitu.

Filta ya hewa, uliza iko wapi kabla hujalipa. Kama imekaa chini karibu na tairi ya nyuma, hiyo mashine ilichorwa na mtu ambaye hajawahi kuona vumbi. Inatakiwa ikae juu, chini ya siti, kwenye boksi linalofunga vizuri, na iwe ya sponji ya kuosha na kupaka oili kuliko ya karatasi.

Kabureta au ya sindano ya umeme? Mjini ningesema sindano, inawaka vizuri na inakunywa kidogo. Lakini ukiwa shamba petroli unanunua ya kwenye chupa mezani kwa mama fulani, ndani kuna vumbi, mara nyingine maji. Kabureta fundi wa kijijini anaifungua kwa bisibisi, anaipuliza kwa mdomo, unaondoka. Ile ya sindano ikigoma unasubiri mtu mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Vyovyote iwavyo weka filta ya petroli ile ya plastiki inayoonekana ndani, ni bei ya soda.

Hatua ya 6: Tairi na upepo

Nisikilize vizuri hapa maana hili limeniangusha kweli.

Tairi za kwadi zinajazwa upepo kidogo mno, nyingi ni kati ya psi 3 na 7, imeandikwa kwenye tairi na kwenye kibandiko. Pikipiki inakaa 28 hadi 36. Kijana wa upepo pale barabarani hajui na wala siyo kosa lake, yeye ameshika mpira tangu asubuhi anajaza bodaboda. Nilipita kwake na tairi za nyuma laini, nikamwambia "jaza", nikawa nachati na simu. Akaweka 30.

Nikafika shamba, nikafunga tangi la lita 60 nyuma, nikaingia kwenye matuta ya zamani ya mtama kwa gia ya pili. Tuta la kwanza ikaruka. La pili ikaruka zaidi, tairi zimekuwa mpira wa kikapu, hazimezi kitu. Maji ndani ya tangi yakaanza kucheza, yanakwenda kushoto mashine inakwenda kushoto, yanarudi. Tuta la nne au la tano tairi ya kushoto ikapanda kichuguu, tangi likaegemea kulia na kwadi yote ikafuata. Nilirukia upande wa juu, hiyo ni bahati siyo akili. Ililala ubavu inanguruma, tairi ya juu inazunguka, salfa imemwagika imetengeneza kidimbwi cha njano, usukani umejipinda. Kilo 200 na ushee, na mguu wangu ulikuwa hapo sekunde moja kabla.

Kwa hiyo: nunua geji ya upepo mdogo, ile inayosoma kuanzia 0 hadi 10 au 15, geji ya kawaida haioni psi 4, sindano haitikisiki hata. Nunua na pampu ya mguu. Jaza mwenyewe. Na tangi ukilibeba liwe limejaa kabisa au lenye vizuizi ndani, nusu tangi linacheza vibaya kuliko lililojaa.

Pancha utapata tu, mbigili na miiba ya mgunga haviulizi. Tafuta tairi zenye nyuzi sita kwenda juu, imeandikwa pembeni "6 ply". Tairi nyingi za kwadi hazina tyubu, kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye boksi la vifaa ni ile seti ya kamba za kuziba na sindano yake. Maji ya kuzibia pancha yale ya kumwaga ndani yanasaidia kwa mbigili. Kwa mwiba wa mgunga wa sentimita tano hayana msaada.

Hatua ya 7: Familia

Sasa hii "na watoto wapande" ndo inayoharibu uchaguzi wa watu wengi. Mashine inayofaa kuvuta tela haifai mtoto, na mashine ya mtoto haivuti tela, hakuna ya katikati. Watengenezaji wenyewe kwa miaka mingi waliandika: kwadi ya zaidi ya cc 90 ilikuwa kwa miaka 16 kwenda juu, na za cc 70 hadi 90 zilikuwa kwa miaka 12 kwenda juu. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanasema aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa. Mtoto hana uzito wa kuihamisha mashine kwenye kona, kwa sababu kwadi hailali kama pikipiki, unatakiwa wewe uegemee ndani ya kona, na mtoto wa kilo 30 akiegemea mashine haina habari.

Kupakia je? Siti ndefu inakudanganya. Siti ndefu ipo ili dereva asogee mbele akipanda na nyuma akishuka, haipo kwa ajili ya abiria. Nyingi zina kibandiko cha picha ya watu wawili wamekatwa mstari mwekundu. Abiria nyuma anasogeza uzito juu na nyuma, ukipanda ukingo wa korongo inanyanyuka mbele na kurudi kukulalia. Kama kweli mnataka kupanda wawili zipo zilizorefushwa kwa ajili hiyo zenye siti ya pili na vishikio, ni za cc kubwa na bei zake zinalingana. Ama weka watoto kwenye… hapana, kwenye tela pia hapana, najua mtajaribu.

Binti yangu ana miaka 9, anataka kila siku. Tulichokubaliana ni kwamba ana baiskeli yake nzuri, na kwadi anaruhusiwa kuiosha. Mdogo wangu yeye alimchukulia mwanae wa miaka 13 kijikwadi cha cc 90, nacho ukikichukua angalia vitu vitatu: kina skrubu ya kubana mafuta pale yanaposukumwa kwa dole gumba ili kisizidi mwendo, kina kamba ya kuzimia injini inayofungwa kwenye mtoto au kwa mzazi anayetembea nyuma, na breki mtoto anazifikia kwa vidole vyake mwenyewe bila kunyoosha mkono.

Kwa watu wazima mnaotoka kwenye bodaboda kuna tabia mbili za kuacha. Ya kwanza, mafuta ya kwadi unasukuma kwa dole gumba, huzungushi, ukishtuka ukabana usukani kwa nguvu dole linasukuma mafuta zaidi. Ya pili na ndo mbaya: kwenye pikipiki ukiona inayumba unashusha mguu chini. Kwenye kwadi ukishusha mguu, tairi ya nyuma inakuja inaupanda. Miguu inakaa juu, hata ikikushinda.

Helmeti, buti zinazofunika kifundo, miwani ya vumbi, glavu. Za mtoto ziwe saizi ya mtoto, helmeti ya baba kichwani kwa mtoto ni sufuria.

Hatua ya 8: Siku ya kwenda kuikagua

Nyingi mtakazoona ni za mkononi. Mwambie muuzaji usiiwashe mpaka nifike, na ukifika kitu cha kwanza shika injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto alishaihangaikia kuwasha, ondoka au shusha bei. Ya baridi ikawaka kwa stata ndani ya sekunde chache bila kupigwa gesi, vizuri. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, ringi au valvu.

Chomoa filta ya hewa, ingiza kidole kwenye bomba linalokwenda kwenye kabureta, ile sehemu ya ndani baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikila mchanga, hata kama nje imeng'arishwa na rangi mpya. Huu mtihani mmoja umeniokoa mara mbili.

Ipige jeki. Tikisa kila tairi ya mbele kwa juu na chini, alafu kushoto na kulia, ikigonga ni beringi au tairodi. Zungusha ya nyuma uangalie rimu, ikiyumba ekseli imepinda. Lala chini kabisa na tochi uangalie fremu, tafuta welding mpya iliyopakwa rangi nyeusi haraka haraka. Jaribu rivasi, jaribu breki ukiwa kwenye mteremko, jaribu gia zote ukiwa umebeba mtu. Namba ya chesisi isome wewe mwenyewe, kwenye chuma, ulinganishe na karatasi, na kabla hujatoa hela uliza TRA kuhusu usajili na ushuru wake. Anayekwambia "karatasi zitakuja" muache zije kwanza.

Hatua ya 9: Fundi kabla ya mashine

Kabla ya kulipa piga picha injini, mpelekee fundi wako wa pikipiki wa kule shamba, siyo wa mjini. Kwadi nyingi za Kichina za cc 150 hadi 200 zina ile injini ya kusimama ya staili ya Honda CG125, ndugu wa damu na zile za bodaboda za Kichina, kwa hiyo pistoni, ringi, klachi, kabureta, fundi anazo kwenye ndoo. Akiiona akasema "hii naijua", thamani ya hilo neno ni kubwa kuliko jina lililoandikwa kwenye tangi. Akisema "hii hata sijui inafunguliwa wapi", basi ujue kila ikiharibika unailipia gari mpaka mjini. Zinazokuja kutoka mbali zina spea nzuri ila zinaagizwa, unasubiri, na msimu haukusubiri. Kwa spea za mwili kama tairodi na shokapu, hakikisha muuzaji ana stoo unayoiona kwa macho. Nane Nane pale Nzuguni ni sehemu nzuri ya kuuliza, mwezi wa nane wauza mashine wengi wanakuja, wafungue boksi la spea mbele yako.

Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza

Ikiwa mpya, oili ya kwanza imwage mapema kama kitabu chake kinavyosema, itatoka na chembechembe za chuma, hiyo kawaida. Kaza nati zote za tairi na za keria baada ya safari ya kwanza ya kazi, barabara za rafu zinazilegeza. Filta ya hewa kiangazi ioshe kila baada ya siku mbili tatu za kazi, ukiwa unafuata ng'ombe wengi ioshe kila jioni. Majani makavu yanajikusanya juu ya ekzosi na chini ya siti, yatoe kwa mkono kabla ya kupaki, hasa Julai hadi Novemba nyasi zikiwa kama karatasi, kwadi ya moto juu ya nyasi ndefu ni kiberiti. Usiipaki chini ya kibanda cha mabua.

Na funguo usiiache kwenye mashine hata unapoingia ndani kunywa maji. Ya kwangu inakaa juu ya kabati la vyombo, binti anajua ilipo, na stuli nimeihamishia chumbani kwangu.